Zamu ya Chumba cha Tatu

Elia alikuwa na chapati nne juu ya chuma na ya tano mkononi simu ilipoanza kulia mfukoni. Aliiacha ilie. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi pale stendi ya Msamvu si saa ya kupokea simu. Basi la Dodoma liko karibu kuondoka, abiria wamesimama na vikombe vya chai mkononi, na chapati ikiungua mteja anairudisha hata kama yeye ndiye aliyekuharakisha. Simu ikanyamaza. Ikalia tena. Ilipolia mara ya tatu akajua ni nyumbani. Akaibana kati ya sikio na bega, akaendelea kugeuza.

"Maji yametoka sasa hivi," Prisca alisema. Alikuwa anahema. "Toka saa kumi na moja nimekaa na ndoo bombani, yametoka sasa hivi. Na geti la kiwanda linafungwa saa moja na nusu."

"Basi jaza uende."

"Nimeshajaza pipa. Choo sijaosha."

"Utaosha jioni."

"Bi Mwaisha kasema mhuri hautoki mpaka choo kioshwe. Kasema mbele ya watu wote, Elia. Na karatasi inatakiwa kiwandani leo kabla ya saa tisa."

Elia aligeuza moja, akaiondoa nyingine, akapaka mafuta.

"Sasa mimi nifanyeje niko huku?"

"Ukitoka pita nyumbani. Karatasi iko kwenye kabati la vyombo, ndani ya bahasha, chini ya rozari. Hepi yuko kwa Zuhura. Weka saini, ongea na Bi Mwaisha akugongee mhuri, niletee getini."

"Haya. Nitaongea naye."

"Yule haongeleki. Anaoshewa choo. Na maji ya pipa usiyaguse. Hayo ni mpaka Jumanne."

Simu ikakatika. Abdulatif, mwenye mgahawa, alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha jiko na mikono nyuma, kama anavyosimama kila asubuhi.

"Mama kakupa ratiba ya leo?" aliuliza.

"Tajiri, leo naomba nitoke saa nne kasoro."

"Mabasi ya Dar yanaingia saa nne. Watu wanashuka na njaa. Niwape chapati ya nani, yangu?"

"Nitamaliza unga wote kabla hayajaingia."

"Unga wote?" Abdulatif alicheka, akawageukia wateja. "Mnamsikia? Mke kapiga simu, mtu kapata nguvu za punda." Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila kucheka, "Umalize kweli. Usipomaliza, kesho nitamtafuta mwingine, na wapo wengi hapa nje."

Elia akaongeza mkaa.

Kwa miaka sita alikuwa mpishi. Alikuwa anatoka nyumbani saa tisa za usiku ili moto na unga viwe tayari mabasi yanapoanza kunguruma. Mkono wake ulijua chapati kuliko ulivyojua kitu kingine chochote duniani. Lakini nyumbani hakuwa anapika. Prisca akirudi kutoka kiwandani saa kumi na mbili jioni anawasha jiko, na Elia anakaa kwenye kiti cha plastiki anasubiri ugali. Hakuna siku waliyokaa wakalipanga jambo hilo. Walilikuta limepangwa, wakaingia ndani yake kama watu wanavyoingia kwenye chumba cha kupanga.

Prisca alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha viungo kule Kihonda. Wanawake wanakaa chini mistari mistari, wanachambua pilipili manga, karafuu na mdalasini vinavyoshuka kutoka milimani kwa kina Prisca na kwingine. Vumbi la pilipili linaingia kwenye nywele, kwenye kope, kwenye nyuzi za nguo. Hepi alipokuwa na miezi mitano, Prisca alirudi siku moja akampakata kabla ya kuoga, na yule mtoto alikohoa mpaka akageuka rangi. Toka siku hiyo hamgusi mtoto mpaka aoge mwili mzima na abadili nguo. Ndoo moja ya maji katika pipa ilikuwa yake ya jioni, kila jioni, na haikuguswa kwa jambo lingine.

Sasa kiwanda kilikuwa kinaandika watu. Vibarua ishirini wangeingia kwenye mkataba. Katika miaka miwili toka aanze, Hepi akiwa mchanga, Prisca hakukosa siku hata ya malaria, na jina lake lilisomwa. Kwa wengine mkataba ulikuwa bima na kadi yenye picha. Kwa Prisca ulikuwa jambo ambalo watu wawili tu ndio waliolijua: alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Mwenye mkataba anapewa likizo ya uzazi na kazi yake inamsubiri. Kibarua hana likizo. Tumbo lake likionekana, asubuhi msimamizi anasoma majina pale getini na jina lake halisomwi. Hakuna anayemfukuza. Halisomwi tu.

Kwa hiyo karatasi ile ilikuwa ifike kabla tumbo halijafika.

Karatasi yenyewe ilikuwa fupi. Jina, mtaa, mhuri wa serikali ya mtaa. Na kwa wanawake walioolewa tu, kulikuwa na kipande cha chini: *Mimi, mume halali wa mfanyakazi aliyetajwa hapo juu, naridhia mke wangu afanye kazi katika zamu zote, ikiwemo ya usiku, na sitaleta malalamiko yoyote kwa mwajiri.* Chini yake palikuwa na mistari mitatu mitupu.

Jana jioni Elia aliisoma, akairudisha mezani.

"Zamu ya usiku unaingia saa ngapi?"

"Saa mbili. Natoka saa kumi na mbili asubuhi."

"Mimi natoka hapa saa tisa. Kuanzia saa tisa mpaka wewe ufike, Hepi yuko na nani?"

"Tutatafuta namna."

"Namna ipi? Na huyo mwingine akija, watakuwa wawili humu ndani peke yao."

"Elia, weka saini. Hayo mengine tutayaona."

"Siwezi kuweka saini kwenye kitu ambacho sikijui kitakaaje."

Prisca alikuwa anaosha sahani. Aliiweka chini taratibu, kama mtu anayeogopa kuivunja kwa makusudi. "Ninyi kule stendi mlipoanza, Abdulatif aliwaletea karatasi ya mke kuridhia mume atoke saa tisa usiku?"

Elia aligeuza karatasi juu chini.

"Mimi hakuna aliyeniuliza," Prisca alisema. "Nililala tu, nikaamka umeshatoka."

Wakalala bila kusali pamoja, kitu ambacho si kawaida yao.

Saa nne kasoro robo beseni la unga lilikuwa tupu na chapati zimepangwa kwenye sufuria mbili, zimefunikwa kwa kitambaa. Abdulatif alifunua, akazibonyeza moja moja kwa kidole akitafuta mbichi, hakuipata. Akatikisa kichwa kuelekea mlangoni. Elia aliazima baiskeli ya mgahawa, akatoka.

Nyumba waliyopanga ilikuwa Mwembesongo. Vyumba sita vilizunguka uwanja mmoja, wenye bomba moja, choo kimoja na bafu ubavuni mwake. Mwenye nyumba, Bi Mwaisha, alikaa chumba cha mbele, na kwenye mlango wake kulikuwa na kipande cha boksi chenye zamu za usafi. Kila chumba wiki moja, Jumamosi hadi Ijumaa. Leo ilikuwa Ijumaa, siku ya mwisho ya chumba cha tatu. Prisca alikuwa amefagia uwanja kila siku kabla ya alfajiri, lakini choo kilitaka maji, na toka Jumanne bomba lilikuwa linapumua hewa tu.

Bi Mwaisha alikuwa pia mjumbe wa mtaa. Mwenyekiti alikwenda msibani Turiani tangu Jumatano, na mhuri aliuacha kwake, kwenye kopo la maziwa ya unga. Kwa hiyo wiki ile choo na mhuri vilikuwa mikononi mwa mtu mmoja.

Elia alimkuta barazani anamenya njegere kwenye ungo.

"Shikamoo, Bi Mwaisha."

"Marahaba. Leo umewahi."

"Nimewahi. Nimekuja na ile karatasi ya mama Hepi."

"Karatasi naijua. Mkeo yuko wapi?"

"Kazini."

"Na zamu yake iko wapi?" Alionyesha choo kwa kidevu. "Wiki nzima watu wanaingia pale wameziba pua."

"Maji hayakuwepo, Bi."

"Leo yametoka."

"Yametoka saa kumi na mbili na nusu. Angeosha, geti lingefungwa."

"Basi achague," Bi Mwaisha alisema. Hakupandisha sauti. Njegere zilikuwa zinadondoka kwenye ungo moja moja. "Mimi nimefanya kazi kiwandani miaka kumi na tisa. Nimezaa sita. Saa tisa usiku niko chooni nasugua kwa kibatari, saa kumi na mbili niko kwenye mashine. Marehemu mume wangu hakushika fagio hata siku moja, na hakuna aliyenisikia nalia."

"Na kiwanda kilikupa nini, Bi Mwaisha?"

Yule mama alikohoa, kikohozi chake kile cha siku zote ambacho wapangaji walikizoea kama sauti ya mlango.

"Kilinipa hiki," alisema, akajigonga kifuani. Akarudi kwenye njegere. "Aje aoshe, nigonge."

"Akija ni saa kumi na mbili. Karatasi inatakiwa saa tisa."

"Sikuweka mimi hiyo saa tisa."

Zuhura alitokea chumba cha tano, Hepi kiunoni mwake. Zuhura alikuwa anauza vitumbua na alikuwa na mdomo ambao haukukaa likizo. "Baba Hepi, mtoto kala, kanya, kalala, kaamka. Mimi huku nimemaliza zamu yangu. Ya kwenu vipi?"

Elia alitazama choo. Alitazama boksi mlangoni. Kisha akavua shati, akalitundika kwenye kamba, akabaki na fulana.

"Nitaosha mimi," alisema.

Bi Mwaisha aliacha kumenya. "Utaosha nini?"

"Choo. Zamu ya chumba cha tatu. Mimi nakaa chumba cha tatu."

"Choo cha nyumba hii kinaoshwa na mwanamke wa chumba. Humo wanaingia wanawake, wana vitu vyao humo. Na kesho watu watasema kwa Bi Mwaisha waume za watu wanaoshwa akili, wanasugua vyoo."

"Watasema kimeoshwa," Elia alisema.

Maji ya bomba yalikuwa yameshakatika toka saa tatu. Akaingia ndani, akafunua pipa. Lilikuwa limejaa hadi ukingoni, maji ya baridi yanayoshuka mlimani. Alisikia sauti ya Prisca sikioni, usiyaguse. Akachota ndoo ya kwanza.

Mtu anayesugua masufuria ya mgahawa kila siku anajua uchafu unavyoshika na unavyoachia. Alimwaga majivu, akayaacha yalale. Akanyunyiza sabuni ya unga, akachukua ule uzi wa chuma wa kusugulia sufuria, akapiga magoti. Alianza pembeni akaja katikati. Alisugua kuta mpaka urefu wa kiuno. Alisugua mlango ndani na nje. Wanawake wa vyumba vingine walitoka mmoja mmoja, kila mmoja na kisingizio chake, huyu anaanika nguo, huyu anatafuta ndala.

"Baba Hepi, geuza upande wa pili, usije ukaungua!" Zuhura alipiga kelele.

"Weka mafuta kidogo!" mwingine akadakia.

Wakacheka. Masikio ya Elia yalikuwa ya moto lakini mkono haukusimama. Ndoo ya pili. Ya nne. Jasho lilimwingia machoni. Adhuhuri ilipoadhiniwa Bi Mwaisha aliingia ndani kuswali, na Elia alikuwa kwenye ndoo ya saba, anasuuza sakafu ambayo rangi yake hakuna mpangaji aliyewahi kuijua. Ilikuwa ya kijani.

Bi Mwaisha alitoka na ushungi wake. Alikwenda hadi mlangoni mwa choo, akainama, akanusa. Akapitisha kidole ukutani.

"Kimetakata," alisema. "Lakini zamu haijafanywa. Nimesema mwanamke wa chumba."

"Bi Mwaisha, saa saba hii inakwenda nane."

"Nimesema."

Hapo Zuhura alimkabidhi mtoto kwa baba yake, akaingia chumba cha tatu kama kwake, akatoka na beseni. Maji yalikuwa nusu, yale ya mwisho ya kukwangua chini ya pipa. Akayatupa yote sakafuni mwa choo kwa mkupuo mmoja, akapiga fagio mara mbili.

"Haya. Mwanamke kaosha," alisema. "Ijumaa leo, Bi Mwaisha. Umetoka kuswali sasa hivi. Mpe mwenzetu mhuri wake."

Kona ya mdomo wa Bi Mwaisha ilitikisika. Hakucheka, lakini alirudi barazani, akafungua kopo la maziwa. "Nitagonga. Ila zamu ya chumba cha tatu itarudiwa Jumamosi ya kesho, mwanamke akiwa nyumbani. Nitaandika hapa. Saini kwanza wewe, mimi sigongi karatasi tupu."

Elia aliketi kwenye benchi na karatasi juu ya paja. Mikono ilikuwa imesinyaa kwa sabuni. Alisoma tena kile kipande cha chini, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kule Mgeta alikokulia, katika shule ya msingi ya jirani na misheni, mwalimu wao aliwafundisha kwamba karatasi ikikuachia mistari mitatu ni kwamba inataka maelezo, na mtu haandiki neno moja pale alipoachiwa nafasi ya maneno. Tena jambo lenyewe lilikuwa la kweli. Alifikiri, kiwanda kina watu wenye watoto. Wakielezwa, wataelewa. Akaandika kwa herufi nzuri, akibana ili zienee:

*Naridhia. Ila mimi naingia kazini saa tisa usiku na yeye atatoka saa kumi na mbili, na mtoto ni mdogo. Naomba apangiwe mchana, au kama ni usiku tujulishwe mapema tupate mtu. Ahsanteni. Elia Mkude, mume.*

"Umeandika nini kirefu hivyo?" Bi Mwaisha aliuliza. Miwani hakuwa nayo. "Saini si jina tu?"

"Nimewaeleza hali yetu."

"Mm," alisema Bi Mwaisha, akagonga mhuri.

Alifika Kihonda saa tisa kasoro robo, fulana imegandamana mgongoni. Getini kulikuwa na kibanda chenye dirisha dogo, na ndani yake karani mmoja kijana aitwaye Petro, mwenye rundo la karatasi mbele yake. Elia alimpa bahasha kwa mikono miwili.

Petro aliitoa karatasi, akatazama mhuri, akaridhika. Macho yakashuka. Yakasimama.

"Kaka, hii nini?"

"Saini."

"Saini naiona. Haya maneno?"

"Ni maelezo tu. Nimeridhia, soma pale mwanzo."

"Umeridhia *ila*." Petro aligeuza karatasi, kama anatafuta upande uliokuwa safi. "Huko juu wanataka ndiyo. Wewe umeleta ndiyo yenye masharti. Bosi akiona hii anasema huyu mwanamke hajaanza, mume keshaleta malalamiko. Si ndicho kilichoandikwa hapa, 'sitaleta malalamiko'?"

"Si malalamiko. Ni saa tu. Saa hazikutani."

"Kaka, mimi nakuelewa. Mimi mwenyewe nina mtoto. Lakini umeichafua fomu."

"Nipe nyingine."

"Zimekuja kwa idadi. Na nikikupa, mhuri uko wapi?"

Mhuri ulikuwa ndani ya kopo, Mwembesongo. Saa ya ukutani kibandani ilionyesha tisa kasoro dakika kumi na mbili.

Petro akashusha sauti. "Nikwambie kitu? Nusu ya hizi saini za waume wameziweka wanawake wenyewe. Wengine waume zao walishawakimbia siku nyingi. Hakuna anayekagua. Mkeo angechora tu mwenyewe, yangekwisha."

Elia alishika ukingo wa dirisha. Prisca alijua. Wote walikuwa wanajua, wanakaa pamoja mistari mistari siku nzima. Alijua, na bado alimwekea karatasi mezani, akamsubiri.

"Niitie," alisema.

Prisca alitoka na koti la bluu, kitambaa kimeshushwa kutoka puani, nyusi zimekuwa nyeupe kwa vumbi. Alisimama mbali kidogo na mumewe, hatua tatu, kwa mazoea ya nyumbani. Petro akamnyooshea karatasi. Aliisoma yote. Alikuwa msomaji wa polepole, wa Jumuiya ya kanisani, anayesoma kama vile kuna watu wanamsikiliza.

"Hakuna njia, Petro?"

"Orodha inapanda saa tisa, mama Hepi. Ila kibarua chako kipo palepale. Orodha nyingine mwezi wa kumi na mbili, Mungu akipenda."

Huu ulikuwa mwezi wa tano. Mwezi wa kumi na mbili mtoto angekuwa amezaliwa, na jina la Prisca lingekuwa halisomwi tangu mwezi wa nane.

"Ndugu yangu," Elia alisema dirishani, "mwezi wa kumi na mbili ni mbali, kwa sababu mke wangu ana..."

"Elia." Prisca hakupiga kelele. "Nyamaza."

Petro aliwatazama wote wawili, akajifanya anapanga karatasi.

"Nilitaka wajue," Elia alisema wakiwa pembeni.

"Wanajua."

"Nimeandika ukweli."

"Ukweli ungeniambia mimi nyumbani. Hapa walitaka saini." Alikunja karatasi mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa koti, karibu na tumbo. "Choo nani kaosha?"

"Mimi."

Akamtazama mikono. Kisha akamtazama usoni, na swali likaja polepole kama lilikuwa linamwogopa yeye mwenyewe. "Kwa maji gani?"

Kengele ya kiwanda ikalia. Msimamizi akaita jina lake, na Prisca akapandisha kitambaa, akarudi ndani.

Saa kumi na mbili jioni jua lilikuwa bado juu ya paa. Elia alikuwa amewasha jiko la mkaa mlangoni, sufuria iko pembeni tupu, maana ugali nao unataka maji. Muuza maji wa mkokoteni hakupita. Prisca aliingia uwanjani, akasalimia wakubwa, akakuta choo kinang'aa. Akaingia chumbani. Sauti ya kifuniko cha pipa ilisikika ikifunuliwa, kisha ikirudishwa.

Alitoka akasimama kizingitini. Hepi alimwona. Mtoto alikuwa amemkosa toka alfajiri, na sasa alikuja mbio kwa miguu yake mifupi, mikono juu.

"Hapana, mama. Subiri. Subiri kwanza," Prisca alimwambia.

Prisca alirudi nyuma mpaka akagusa ukuta. Aliweka mikono mgongoni, akaifunga. Hepi alishika upindo wa koti, akaanza kulia, na hapohapo akaanza kukohoa. Zuhura akamvuta. Mtoto akalia zaidi, akimnyooshea mamake mikono, na mamake amesimama pale ukutani kama mtu aliyekamatwa, anamwimbia kwa sauti ndogo wimbo wa kanisani, mikono nyuma.

Elia alichukua ndoo mbili. Kisima kilichokuwa na maji saa ile kilikuwa cha msikitini, mitaa miwili kutoka pale, na foleni yake ilikuwa ya wanawake na wasichana. Alipita mbele ya baraza.

"Baba Hepi," Bi Mwaisha alisema. "Zamu ya chumba cha tatu ni kesho. Nimeshaiandika."

Elia alisimama. Ndoo ziligongana.

"Itafanywa," alisema. "Nitaifanya mimi. Ukitaka uandike tena ya keshokutwa, na ya mtondo. Nitafanya mimi."

Bi Mwaisha alifungua mdomo, kikohozi kikamtangulia. Kilipokwisha, Elia alikuwa ameshatoka.

Kisimani kulikuwa na watu tisa mbele yake. Mama mmoja wa makamo alimtazama, akatazama ndoo, akasogea kumpisha, kwa huruma.

"Pita mbele, baba. Mama watoto anaumwa?"

"Haumwi," Elia alisema. "Ametoka kazini."

Akaziweka ndoo zake nyuma ya zile nyingine, kwenye mstari.